If, when, unless, until: jinsi ya kuchagua kiunganishi sahihi cha Kiingereza

Chukua sentensi hii: "Akija, mwambie anisubiri." Kwa Kiswahili imekamilika, na hakuna atakayekuuliza kama huyo mtu ana hakika ya kuja au huenda asitokee kabisa. Kiambishi "-ki-" kimebeba maana zote mbili. Kiingereza hakikupi nafasi hiyo. Lazima uchague: "If he comes" au "When he comes". Ukisema "if", umekiri kwamba huenda asije. Ukisema "when", umeshamhesabu kuwa yuko njiani.

Hapo ndipo yanapoanzia makosa mengi ya sisi tunaofikiri kwa Kiswahili tunapoandika Kiingereza. Maneno yenyewe tunayajua tangu darasani: if, when, unless, until, while, before. Tatizo ni kwamba katika Kiswahili masharti na wakati hukaa ndani ya kitenzi, kwenye "-ki-", "-po-", "-nge-", "-sipo-" na "-ja-", wakati Kiingereza huviweka nje, mwanzoni mwa kishazi. Kuna orodha nyingi za viunganishi vya Kiingereza na maana zake, na kwa maoni yangu hazisaidii sana. Kinachosaidia ni kuanzia kwenye kiambishi unachokitumia bila kufikiri, kukipasua, kisha kuchagua neno. Mwongozo huu unafuata njia hiyo.

Hatua ya 1: Ipasue "-ki-" kabla hujaandika "if"

Wengi wakiona "-ki-" mkono huenda wenyewe kwenye "if". Zuia mkono kwanza, ujiulize jambo hilo lina hakika kiasi gani.

"Nikifika nyumbani nitakupigia simu" ni "When I get home, I'll call you." Unajua utafika, kisichojulikana ni saa tu. Ukiandika "If I get home", msomaji atadhani kuna hatari njiani na unahofia hutafika. Sarufi yake haina kosa, ila umemtia mtu wasiwasi bure.

"Nikishinda mashindano haya nitaacha kazi" ni "If I win this competition, I'll quit my job." Ushindi hauna hakika. Ukiandika "When I win" utaonekana umejitangazia ushindi mapema, na pengine ndivyo unavyotaka.

Kuna jaribio rahisi linalotoka ndani ya Kiswahili chenyewe. Badilisha "-ki-" iwe "-taka-po-" usikie kama maana imebaki palepale. "Nikifika nyumbani" inageuka "nitakapofika nyumbani" bila kudhurika, kwa hiyo ni "when". "Nikishinda" ikigeuka "nitakaposhinda" inapata majigambo ambayo hayakuwamo, kwa hiyo ilikuwa "if". Jaribio la upande wa pili ni kuweka "endapo" au "ikiwa". "Endapo nitashinda" inakubali. "Endapo saa sita itafika" inachekesha, kwa sababu saa sita haiwezi kukosa kufika. Tarehe, saa, misimu, mapambazuko na machweo huchukua "when".

Mahali pamoja if na when hukaa bila kugombana: kwenye kanuni za kudumu. "Barafu ikipashwa moto huyeyuka" inaweza kuwa "If you heat ice, it melts" au "When you heat ice, it melts." Kitenzi cha Kiswahili chenye "hu-" ni dalili nzuri ya sentensi za aina hii. Ukitaka kusisitiza kwamba jambo hutokea kila mara bila kukosa, tumia "whenever": "Whenever I open this file, the computer freezes."

Halafu kuna "-ki-" isiyohitaji kiunganishi chochote. "Nilimwona akivuka barabara" ni "I saw her crossing the road." Hapa "-ki-" inaonyesha tendo lililokuwa likiendelea machoni pako, na Kiingereza hutosheka na kitenzi chenye "-ing". Anayelazimisha kiunganishi huishia kwenye "I saw her if she crosses the road", sentensi isiyoeleweka kabisa.

Kuhusu wakati uliopita, mambo ni mepesi zaidi. "Nilipofika" ni tukio moja lililokwisha, na neno lake ni "when": "When I arrived, the room was empty."

Hatua ya 2: Toa "will" kwenye kishazi tegemezi

Kiswahili husema "atakapofika", na ile "-ta-" iko wazi mbele ya macho. Ndiyo maana "When he will arrive, we will start" inaonekana sahihi kwetu. Kiingereza hakikubali. Baada ya when, if, unless, until, before, after, once, as soon as, by the time na as long as, jambo la baadaye huandikwa kwa wakati uliopo: "When he arrives, we will start." Ile "will" hubaki kwenye kishazi kikuu peke yake, na hiyo inatosha kumweleza msomaji kwamba mambo yote mawili bado hayajatokea.

Ukitaka kuonyesha kwamba tendo la kwanza lazima liishe kabisa kabla ya la pili, tumia "have": "When I have finished this report, I'll rest." Ni sawa na "nitakapokuwa nimemaliza", ila tena bila "will".

Sasa, wanafunzi wazuri wakishaikariri kanuni hii huanza kufuta "will" hata pale inapostahili. "I don't know when she will come" ni sahihi. "Tell me if you will attend" ni sahihi pia. Jinsi ya kutofautisha? Rudi kwenye Kiswahili. Hizi mbili ni "Sijui atakuja lini" na "Niambie kama utahudhuria." Hakuna "-po-" wala "-ki-", kuna "lini" na "kama". Palipo na swali lililofichwa ndani ya sentensi, "will" inaruhusiwa. Palipo na "-po-" au "-ki-", iondoe. Jaribio hili halijanitupa bado, na ni rahisi kulikumbuka kuliko maelezo ya vitabu vya sarufi kuhusu aina za vishazi.

Kuna "If you will wait a moment, I'll call her", ambayo utaisikia kwenye mapokezi na simu za maofisini. Ile "will" haisemi habari ya baadaye. Inaomba hiari ya mtu, kama "ukiwa radhi kusubiri". Itambue ukiisikia, usijisumbue kuitumia.

Hatua ya 3: "-nge-" mbili, "would" moja

"Ningejua, nisingekuja." Angalia sentensi hiyo: "-nge-" imekaa pande zote mbili. Mtu mwenye mantiki nzuri atatafsiri pande zote mbili kwa "would" na kuandika "If I would have known, I would not have come." Utaisikia hata kwa baadhi ya watu waliozaliwa na lugha hiyo, hasa Marekani, lakini kwenye mtihani au barua rasmi inahesabiwa kuwa kosa. Kiingereza sanifu huweka "would" upande wa matokeo tu: "If I had known, I would not have come."

Upande wa "if" hurudi nyuma hatua moja ya wakati. Jambo lisilo kweli sasa hivi hutumia umbo la wakati uliopita: "If I had time, I would help you", yaani ningekuwa na nafasi leo, na sina. Jambo lisilo kweli lililokwisha kupita hutumia "had" pamoja na kitenzi timilifu: "If I had had time, I would have helped you." Ndiyo, "had" mbili zinazofuatana ni sahihi, ya kwanza ni kitenzi kisaidizi, ya pili ndiyo "kuwa na".

Vitabu vyetu vya sarufi hufundisha kwamba "-nge-" ni ya sasa na "-ngali-" ni ya zamani. Kwenye mazungumzo, na hata kwenye maandishi mengi mazuri, tofauti hiyo haifuatwi kwa ukali, kwa hiyo usiitegemee kuchagua umbo la Kiingereza. Jiulize jambo moja: nafasi bado ipo, au imeshapita? "Ningekuwa na gari ningekusindikiza" ikisemwa wakati mgeni yuko mlangoni ni "If I had a car, I would take you." Ikisemwa kesho yake ni "If I had had a car, I would have taken you." Kiswahili hakijabadilika hata herufi moja.

Pande mbili zinaweza kuwa na nyakati tofauti pia: "If I had studied medicine, I would be a doctor now." Kutosoma kulitokea zamani, matokeo yako leo.

Ukikutana na "I'd", tulia. Ufupisho huo unasimama badala ya "I had" na pia "I would". Katika "If I'd known, I'd have stayed", ya kwanza ni "had" na ya pili ni "would". Nadhani ufupisho huu umechangia sana kuwachanganya watu, maana sikio haliwezi kuzitenganisha.

Na "were": kwenye maandishi rasmi, "If I were you" na "If she were here" hutumia "were" kwa nafsi zote. "If she was here" husemwa sana na si aibu kwenye mazungumzo.

Hatua ya 4: "Unless" imeshameza ukanushi

"Usipoharakisha utachelewa" inaweza kuwa "If you don't hurry, you'll be late" au "Unless you hurry, you'll be late." Kosa ni kuzichanganya: "Unless you don't hurry, you'll be late." Hapo umekanusha mara mbili, na maana imegeuka: sasa kuharakisha ndiko kunakochelewesha. Baada ya "unless" weka kitenzi cha kukubali.

Lakini "unless" si pacha wa "if not", ingawa wengi hufundishwa hivyo. "Unless" huweka kwanza kauli inayosimama yenyewe, kisha ikafungua mlango mmoja wa kutokea. "We'll meet at noon unless it rains": mkutano upo, mvua ndiyo pekee inayoweza kuuvunja. Pale ambapo kutotokea kwa jambo ndiko kunakosababisha matokeo, "unless" haifai. "I'll be sad if you don't come" inamaanisha kutokuja kwako ndiko kutakakonihuzunisha. Ukiandika "I'll be sad unless you come", umesema nina huzuni tayari na kuja kwako ndiyo dawa yake. Sentensi ipo, ila ni habari nyingine.

Jaribu kwa kuweka "isipokuwa tu kama". "Tutakutana saa sita isipokuwa tu kama mvua itanyesha" inakaa vizuri. "Nitashangaa isipokuwa tu kama atashinda" haikai, kwa hiyo andika "I'll be surprised if he doesn't win."

Epuka "unless" pia kwenye mambo yasiyo kweli yaliyopita. "Asingeumia angecheza" ni "If he hadn't been injured, he would have played." Na kwenye maswali mengi ya namna ya "utafanyaje usipofaulu?", jibu ni "What will you do if you don't pass?"

Hatua ya 5: "Mpaka" ina kazi nyingi, zigawe

Neno hili, pamoja na ndugu yake "hadi", ndilo linalozaa makosa yenye madhara zaidi, maana yanahusu tarehe za mwisho.

Anza na kitenzi. Je, tendo hilo linaweza kuendelea muda wote bila kukatika? Kusubiri, kulala, kukaa, kufanya kazi, kutunza. Hapo "mpaka" ni "until": "Wait here until I come back." Tendo linaendelea, kisha linakoma.

Au je, tendo hilo hutokea mara moja na kwisha? Kuwasilisha, kufika, kulipa, kurudisha, kumaliza. Hapo "mpaka Ijumaa" ni "by Friday", yaani kufikia Ijumaa au kabla yake. "Submit the form until Friday" inasikika kama unamwambia mtu awasilishe fomu ileile tena na tena kila siku, na Ijumaa apumzike. Sahihi ni "Submit the form by Friday." Linganisha na "The office is open until Friday": kuwa wazi kunaendelea, basi "until" inafaa. Kwenye barua ya kazi au ya chuo, kosa hili linaweza kumfanya mtu asielewe kabisa unachodai.

Kikifuata kishazi kizima badala ya tarehe, "by" hugeuka "by the time": "By the time we arrived, the meeting had ended." Usiandike "Until we arrived, the meeting had ended", maana mkutano hauwezi kuendelea kuisha.

Ukanushi hugeuza mambo. "Kufika" ni tendo la mara moja, lakini kutofika kunaweza kudumu saa nyingi. Kwa hiyo "She didn't arrive until midnight" ni sahihi kabisa, sawasawa na "Hakufika mpaka usiku wa manane." Hapa lugha mbili zimekutana, tushukuru.

Kazi ya tatu ya "mpaka" ni sharti. "Huwezi kuingia mpaka uwe na kitambulisho." Kama kitambulisho ni sharti la mlangoni, andika "You can't enter unless you have an ID." Ukiandika "until you have an ID", unamwona mtu yule amekaa pembeni akisubiri kitambulisho chake kiletwe, na kwamba kitaletwa. Kwa ufupi, "until" huangalia saa na "unless" huangalia sharti. "I won't sign until I have read it" inaahidi kwamba nikishasoma nitatia sahihi. "I won't sign unless you change this paragraph" haiahidi kitu. Yote yako mikononi mwako.

Na "mpaka" ya mwendo haina uhusiano wowote na "until". "Nilitembea mpaka kituoni" ni "I walked to the station", au "as far as the station" ukitaka kuonyesha uliishia hapo. "Until" ni ya wakati, haipimi umbali.

Jambo dogo la tahajia: "until" ina "l" moja, "till" ina mbili, na maana ni ileile. Watu hudhani "till" ni ufupisho wa "until" na kuiona ya kihuni, kumbe "till" ndiyo kongwe zaidi.

Hatua ya 6: Usikanushe baada ya "before"

Kiswahili kina uzuri wake: "kabla hajafika", "kabla sijaondoka". Tendo bado halijatokea, kwa hiyo tunalikanusha. Kiingereza kinaona "before" imeshasema hivyo. "Before he has not arrived" ni Kiswahili kilichovaa maneno ya Kiingereza. Andika "before he arrives" kwa jambo lijalo na "before he arrived" kwa lililopita: "I left before she woke up."

"After" haina mtego wa aina hii.

Hatua ya 7: While, when, as, na "during" inayojipenyeza

"While" hutaka tendo lenye urefu. "When" hukubali tukio fupi linalokatiza. "While I was reading, the phone rang" na "I was reading when the phone rang" zinaeleza jambo lilelile; tazama kila neno limesimama mbele ya tendo gani. Vipindi vya maisha, kama utoto au shule, hupendelea "when": "When I was a child, I hated mathematics."

"During" si kiunganishi. Hufuatwa na nomino, haifuatwi na kishazi: "during the meeting", kamwe si "during I was in the meeting". Wala haipimi urefu wa muda. "Kwa saa mbili" ni "for two hours".

"As" ni nzuri kwa mabadiliko yanayokwenda pamoja, yale tunayoyasema kwa "kadiri": "As you get older, you need less sleep." Nje ya hapo niko mwangalifu nayo, kwa sababu "as" humaanisha pia "kwa kuwa". "As she was leaving, I locked the door": nilifunga wakati anaondoka, au kwa sababu anaondoka? Msomaji abaki akikisia. Ukimaanisha sababu andika "because", ukimaanisha wakati andika "while" au "when". "While" nayo ina maana ya pili, "ilhali", lakini ni nadra kuleta utata.

Hatua ya 8: "In case" huja kabla ya janga, "if" huja baada yake

"Take an umbrella in case it rains." Unachukua mwavuli sasa, mbingu zikiwa bado safi, isije mvua ikakukuta. "Take an umbrella if it rains." Unasubiri mvua inyeshe ndipo uchukue. Tofauti iko kwenye mpangilio wa matendo: "in case" ni tahadhari, na tendo linafanyika hata kama jambo linalohofiwa halitatokea kamwe. Ukiweza kuweka "isije" au "pengine" katika Kiswahili, ni "in case". Ukiweza kuweka "endapo", ni "if".

Kwa bahati mbaya, "in case of" ikifuatwa na nomino ina maana ya "endapo": "In case of fire, use the stairs" haikuambii utumie ngazi kila siku kwa tahadhari. Na Wamarekani wakati mwingine hutumia "in case" kwa maana ya "if" hata kwenye kishazi kizima. Wewe zitenganishe tu, hakuna atakayekulaumu. Ni maneno mawili, si "incase".

Kuhusu "provided that", "as long as" na "on condition that", zote ni "if" yenye masharti makali zaidi, kama "mradi" au "ilimradi". "You can borrow the car as long as you return it tonight." Zinafaa kwa ruhusa na makubaliano. Haziendi na mambo mabaya: "As long as you fall, call me" ni kichekesho. "As long as" hupima muda pia, kama katika "I'll remember this as long as I live", lakini muktadha hufichua maana bila shida.

Hatua ya 9: "Since" hudai kitenzi chake

"Ninafanya kazi hapa tangu 2019." Kiswahili kinaridhika na wakati uliopo. Kiingereza kinasema "I have been working here since 2019", na "I am working here since 2019" ni miongoni mwa makosa yanayomtambulisha mgeni haraka sana. Tendo lililoanza zamani na linaendelea hutaka "have". Kikifuata kishazi baada ya "since", chenyewe hubaki katika wakati uliopita: "I have known her since we were in school."

"Since" hutaja mahali muda ulipoanzia, "for" hutaja urefu wake: "since Monday", "for three days". Na kama ilivyo "as", "since" inaweza kumaanisha "kwa kuwa", kwa hiyo isome tena sentensi yako kabla ya kuituma.

"Mara tu" ni "as soon as" au "once", bila "will" kama tulivyoona: "Call me as soon as you land." Namna za kifahari zaidi ni "No sooner had I sat down than the phone rang" na "Hardly had I sat down when the phone rang." Zishike kwa jozi zake, "no sooner" na "than", "hardly" na "when", na uangalie kwamba kitenzi kisaidizi kimetangulia mtenda. Kama hauko kwenye insha ya mtihani, "as soon as" inatosha.

Hatua ya 10: Weka mkato mahali pake

Kishazi tegemezi kikitangulia, weka mkato: "If it rains, we'll stay inside." Kikifuata, mara nyingi usiweke: "We'll stay inside if it rains." Kanuni hiyo ni ya viunganishi vyote vilivyotajwa hapo juu, na wasomaji wengi wa Kiingereza huigundua haraka isipofuatwa.

Hatua ya 11: Jipime

Andika sentensi hizi kwa Kiingereza kwenye karatasi kabla ya kusoma majibu. Usitafsiri neno kwa neno. Anza na kiambishi.

Atakapopona atarudi kazini.
Rudisha kitabu hiki mpaka Jumatatu.
Ungeniambia jana ningekusaidia.
Andika namba yangu, isije simu yako ikazimika.
Sitalala mpaka urudi.
Asipoomba radhi sitazungumza naye.
Sijui kama watakubali.
Tulimaliza kabla giza halijaingia.

Ya kwanza ni "When she recovers, she will go back to work." Imeandikwa kwa "-taka-po-", na msemaji ana imani atapona, basi "when" bila "will". Ukiandika "if", umemtilia shaka mgonjwa.

Ya pili ni "Return this book by Monday." Kurudisha ni tendo la mara moja.

Ya tatu ni "If you had told me yesterday, I would have helped you." Neno "jana" limeshaamua kwamba nafasi imepita.

Ya nne ni "Write down my number in case your phone dies." Namba inaandikwa sasa, simu ikiwa bado nzima.

Ya tano ni "I won't sleep until you come back." Kutolala kunaendelea, kisha kunakoma. Ukiandika "unless you come back", unamaanisha kurudi kwake si jambo la hakika, na kwamba asiporudi utakesha.

Ya sita ni "Unless he apologizes, I won't talk to him", na "If he doesn't apologize, I won't talk to him" ni sawa pia. Kauli inasimama yenyewe, kuomba radhi ndiyo njia pekee ya kutokea.

Ya saba ni "I don't know if they will agree", au "whether they will agree". "Kama" hapa ni swali lililofichwa, ndiyo maana "will" imebaki. Ukitaka kuongeza "au la" papo hapo baada ya kiunganishi, ni "whether or not" tu, kwa maana "if or not" haitumiki. Vilevile baada ya vihusishi kama "about" na kabla ya "to" ni "whether": "We talked about whether to leave."

Ya nane ni "We finished before it got dark." Ile "halijaingia" imebaki upande wa Kiswahili.